Barua niliyoitia sahihi

Kwa kawaida safu hii huwaweka wengine kizimbani: mume anayekunywa karo ya watoto, mama mkwe mwenye ulimi mkali, mwalimu asiyeonekana darasani. Leo, msomaji wangu mpendwa, mshtakiwa ni mimi.

Naishi Kayole, katika ploti ya vyumba 16 vinavyotazamana, yenye lango moja la chuma. Katikati ya mwaka wa 2024 chumba nambari saba kilipata wapangaji wapya: mama mmoja, kijana wake wa miaka 19 na mabinti wawili wadogo. Walikuwa wametoka Rutshuru, mashariki mwa Kongo, mji ambao waasi wa M23 waliuteka mwezi wa Oktoba 2022, na kabla ya kufika kwetu walikuwa wameshapanga Githurai na kwingineko. Kiswahili chao kilitufurahisha. Mama yule alisema "batoto" badala ya watoto, nao watoto wetu wakawa wakimwiga huku wakicheka. Tukambandika jina la Mama Kongo, tukadhani kwa kufanya hivyo tumeshamkaribisha.

Haukupita mwezi kabla ya mayowe kuanza. Saa nane za usiku, wakati ploti nzima imelala fofofo, kijana yule angepiga ukelele kama mtu anayechinjwa, kisha kimya, kisha sauti ya mama ikibembeleza kwa lugha tusiyoifahamu. Ilikuwa hivyo karibu kila usiku. Mzee wa nambari mbili alisema ni majini. Mama mmoja muuza samaki alisema ni bangi. Keateka alishuku kifafa. Kijana wa nambari tisa, manamba wa matatu ambaye hurudi usiku wa manane, alisema yeye amechoka tu kuamshwa, kauli iliyotuchekesha kwa vile ndiye aliyekuwa akituamsha sote kwa kugonga lango.

Mwezi wa Oktoba barua ikaandikwa kwa mwenye ploti. Iliandikwa kwa Kiingereza, maana barua ya kumfukuza mtu ikiandikwa kwa Kiingereza huonekana kana kwamba ina sheria ndani yake. Ilidai kwamba usalama wa watoto wetu umo hatarini. Watu 11 waliitia sahihi. Sahihi ya nne ilikuwa yangu, mimi ambaye kila Jumapili hukuhubiria wewe juu ya ujirani mwema.

Mwenye ploti alimpa mama yule notisi ya mwezi mmoja, akaiambatanisha na nakala ya barua yetu. Jioni hiyo hiyo nikasikia hodi. Alikuwa amesimama mlangoni na karatasi mkononi.

"Dada, unisomee hii barua."

Nikamsomea kwa Kiswahili, sentensi moja baada ya nyingine, na kila moja ilinikwama kooni. Nilipofika kwenye majina nikanyamaza. Akaweka kidole juu ya jina la nne.

"Jina yako niliisoma," akasema kwa upole. "Jina haina luga. Njo maana nilikuya kwako. Nilitaka uniambie wewe mwenyewe."

Sikuwa na la kumwambia. Nikachemsha chai. Tulikaa hadi saa nne za usiku, na wala hakunisimulia yale ambayo kijana wake aliyaona huko Rutshuru, nami sikumuuliza. Aliniambia jambo moja tu: kwamba walikotoka, usiku ambao mlango wa bati uligongwa ndio usiku waliopoteza watu wao.

Ndipo nikakumbuka lango letu. Nikakumbuka manamba wetu akiligonga kwa jiwe kila usiku wa manane ili keateka aamke. Lango kwanza, mayowe baadaye. Watu wazima 11 tulikuwa tumesikia mambo hayo mawili yakifuatana kwa miezi, na hakuna hata mmoja aliyeyaunganisha.

Kabla sijaendelea, niseme kwamba mama huyo amenipa ruhusa ya kuandika haya, kwa masharti kwamba nisimtaje jina. Hata maandishi haya nilimsomea kwanza.

Lisilofahamika na wengi wetu ni kwamba aliyekimbia vita si lazima awe mgonjwa wa akili. Mwaka wa 2019 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikadiria kwamba katika maeneo yaliyokumbwa na vita, takriban mtu mmoja kati ya watano ana tatizo fulani la akili, kuanzia huzuni nzito na wasiwasi hadi magonjwa makali zaidi. Hiyo ni idadi kubwa. Lakini hebu igeuze: wanne kati ya watano hawana ugonjwa. Wana majonzi, wana hasira, hawapati usingizi vyema, na mtu aliyezika nduguze kwa haraka kando ya barabara akilala vyema ndipo ungeshangaa.

Nadhani neno lenyewe hutupotosha. Ukimwambia mzazi wa Kayole, awe Mkenya au Mkongo, kwamba mtoto wake anahitaji huduma ya "afya ya akili", yeye husikia neno moja tu, akili, na papo hapo anaona mtu aliyevaa matambara akiokota karatasi barabarani. Ataondoka na hatarudi. Ilhali watu walioteseka wana maneno yao wenyewe, na mara nyingi ni sahihi kuliko yetu ya vitabuni. Baada ya mauaji ya halaiki ya 1994, Wanyarwanda walianza kutumia neno ihahamuka, linalomdokeza mtu aliyekatika pumzi kwa hofu. Wazimbabwe wanaozungumza Kishona husema kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. Sisi nasi husema fulani "ana mawazo", na kila mtu huelewa kwamba si mawazo ya kutunga mashairi.

Neno ambalo limenikaa zaidi ni buufis. Hili ni la Wasomali katika kambi za Dadaab. Asili yake ni kupuliza, kujaza kitu hewa. Wakimbizi wamelitumia kumtaja mtu ambaye hamu ya kuhamishiwa ng'ambo imemjaa kifuani hadi hawezi tena kuishi pale alipo. Mwili uko Dadaab, roho iko Minnesota. Hafanyi biashara, haoi, hasomi, anangoja orodha ya majina ibandikwe. Jina lake lisipotokea, wapo wanaougua kabisa.

Hapo ndipo penye jambo ambalo ningependa ulizingatie, msomaji. Sisi hudhani maradhi ya kijana mkimbizi yaliletwa kutoka huko, kama mzigo juu ya basi. Sehemu yake, naam. Lakini sehemu kubwa hutengenezewa hapa hapa, na watu wenye nia njema kama mimi.

Tazama historia yetu ya karibuni. Desemba 2012 serikali iliamuru wakimbizi wote waishio mijini warudi kambini, na Mahakama Kuu ikaifuta amri hiyo Julai 2013. Machi 2014 amri kama hiyo ikatolewa tena, na mwezi uliofuata polisi wakaingia Eastleigh katika msako ulioitwa Usalama Watch. Maelfu walikamatwa, wengi wakazuiliwa katika uwanja wa Kasarani, pale pale tunapokwenda kushangilia kandanda. Mwaka wa 2016 ikatangazwa kwamba Dadaab itafungwa, mahakama ikazuia Februari 2017. Mwaka wa 2021 ikatangazwa kwamba Dadaab na Kakuma zote zitafungwa kufikia Juni 2022. Tarehe ikafika, ikapita, kambi zingali pale. Mimi siwezi kukana kwamba nchi ina haki ya kulinda usalama wake, na mashambulio ya miaka ile hatujayasahau. Lakini chukua mtoto wa Kisomali au Kioromo aliyezaliwa Eastleigh mwaka wa 2005. Kabla hajafikisha miaka 17 amesikia mara nne kwamba watu kama yeye waondoke mahali walipo. Utamfundishaje huyo kupanga maisha ya miaka mitano ijayo?

Sheria ya Wakimbizi ya 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, ilifungua mlango wa hati na kazi kwa upana zaidi, na Machi 2025 serikali ikazindua Mpango wa Shirika, unaokusudia kuzigeuza kambi ziwe makazi ambamo wakimbizi na wenyeji watatumia shule na hospitali pamoja. Ni maneno mazuri. Kijana wa nambari saba alipoyasikia redioni aliuliza swali moja: je, polisi wa barabara yetu wameyasikia pia?

Mwaka wa 2007 mashirika ya kimataifa ya misaada yalitoa mwongozo wa pamoja kuhusu kuwatunza watu waliokumbwa na maafa, na ndani yake mna mfano wa piramidi yenye ngazi nne. Ngazi ya chini kabisa, iliyo pana kuliko zote, si dawa wala ushauri. Ni usalama, chakula na mahali pa kulala bila hofu. Ya pili ni familia na jamii: ibada, michezo, shule, jirani anayekusalimu. Ya tatu ni msaada wa mtu aliyepewa mafunzo, na si lazima awe daktari. Kileleni, pale palipo pembamba, ndipo penye wataalamu wa magonjwa ya akili, kwa wale wachache ambao ngazi nyingine hazikuwatosha.

Sisi huianzia piramidi kileleni. Tukisikia mayowe, neno la kwanza mdomoni ni Mathari, hospitali iliyoanzishwa mwaka wa 1910 ambayo jina lake tumeligeuza tusi la shuleni. Ngazi ya chini hatuioni kwa sababu ni sisi wenyewe.

Basi katika ploti yetu tulichanga shilingi 50 kila chumba. Vyumba 16 vikatupatia shilingi 800. Tukanunua kufuli mpya, tukachonga funguo za wanaorudi usiku, na keateka akakata tairi kuukuu na kuligongomea kwenye fremu ya lango lisibamize. Manamba wetu alipokea ufunguo wake akinuna. Mayowe hayakwisha, nisikudanganye. Ila kutoka karibu kila usiku yakawa mara moja au mbili kwa wiki, na hiyo ilikuwa kabla kijana hajazungumza na mshauri yeyote.

Nami nikaandika barua ya pili, mara hii kwa Kiswahili. Kati ya wale 11, tisa walitia sahihi. Wawili walikataa, na mmoja wao hanisalimii hadi leo. Mwenye ploti aliondoa notisi.

Kuhusu ngazi ya tatu nitasema kwa kirefu kidogo, maana hapo ndipo palipo na habari njema isiyojulikana. Kule Harare, kuanzia mwaka wa 2006, daktari wa akili Dixon Chibanda aliwafunza akina nyanya wa mtaa wa Mbare kukaa na wagonjwa kwenye benchi la mbao nje ya zahanati, kuwasikiliza na kuwasaidia kukabili tatizo moja kwa wakati. Matokeo ya utafiti uliochapishwa mwaka wa 2016 yalionyesha kwamba waliokaa na nyanya hao walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Na usidhani ni mambo ya Zimbabwe pekee. WHO ina mpango wa vikao vitano kwa watu wazima, ambapo mhudumu asiye daktari humfundisha mtu kutuliza pumzi, kupanga tatizo lake, kurudia shughuli alizoacha na kutafuta watu wa kumwegemea. Ulijaribiwa hapa hapa Nairobi kwa wanawake waliopitia dhuluma, na matokeo yaliyotolewa mwaka wa 2017 yalikuwa ya kutia moyo.

Kijana wetu alipata nafasi katika huduma ya namna hiyo. Siku ya kwanza alifuatana na dadake wa miaka kumi awe mkalimani, maana Kiswahili anakijua lakini mambo mazito humtoka kwa lugha ya nyumbani. Mshauri akakataa. Mtoto wa miaka kumi, akasema, hawezi kubebeshwa maneno ya kakake. Ikatafutwa njia nyingine, nayo haikuwa rahisi, kwa sababu huko kwao lugha ya mtu humtia upande fulani wa vita, na kijana hangeweza kufungua kinywa mbele ya mkalimani asiyemwamini. Hilo lilikula majuma matatu. Ukisikia kwamba wakimbizi "hawataki kusaidiwa", uliza kwanza mkalimani alikuwa nani.

Jambo jingine lililonishangaza ni kwamba mshauri hakumtaka asimulie yaliyotokea. Wengi wetu huamini kwamba uchungu ni kama jipu, lazima ulikamue. Kumbe WHO imeshashauri kwamba kikao kimoja cha kumtaka mtu asimulie mkasa wake mara tu baada ya maafa kisitumiwe, kwa kuwa hakizuii maradhi ya baadaye. Akitaka kusema, msikilize. Asipotaka, zungumzeni habari za Arsenal.

Alihudhuria vikao vinne kati ya vitano. Mwanzoni mwa mwaka wa 2025 Marekani ikakata misaada yake ya nje, mradi ule ukafungwa, na mshauri akawa hana kazi kama wengi waliomjia. Kule Kakuma mambo yalikuwa mabaya zaidi. Katikati ya mwaka huo mgao wa chakula ulishuka hadi chini ya theluthi moja ya kiasi kamili, watu wakaandamana. Nani atamfundisha kutuliza pumzi mama ambaye hajui watoto watakula nini? Ngazi ya kwanza ya piramidi ikivunjika, zile za juu huning'inia hewani.

Sasa nirudi kwa manamba wa nambari tisa, kwa maana nilimdhulumu pia. Jioni moja alinikuta nikimsindikiza kijana yule stendi, akaniuliza kwa sauti ambayo sikuipenda: "Na mimi, nani aliwahi kuniuliza?"

Nikamkasirikia. Baadaye nikamuuliza. Alikuwa na miaka minane ghasia za baada ya uchaguzi zilipoifukuza familia yake kutoka Burnt Forest, mapema mwaka wa 2008. Aliona nyumba yao ikiteketea. Akalala kambini miezi mingi, akahamishwa shule mara tatu, akaacha darasa la saba. Hajawahi kukaa na mshauri hata dakika moja. Yeye ni mwenye nchi, kwa hivyo ikachukuliwa kwamba yu mzima. Na sasa anaona gari jeupe likija kumwulizia Mkongo.

Msomaji, usimwite mwenye wivu. Malalamishi hayo hayo utayasikia Turkana. Tangu kambi ya Kakuma ifunguliwe mwaka wa 1992, vijana wa Kiturkana wameona visima, zahanati na madarasa yakijengewa wageni, ilhali ukame wa kati ya 2020 na 2022 uliwaua mifugo wao mbele ya macho yao. Mfugaji aliyepoteza kundi lote amepoteza mali, karo, mahari na heshima kwa mara moja. Naye ana mawazo. Ndiyo maana makazi ya Kalobeyei yalipoanzishwa mwaka wa 2016 yalikusudiwa kuwahudumia wakimbizi na wenyeji kwa pamoja. Utekelezaji una kasoro zake, lakini wazo ni sawa kabisa. Ukimtibu kijana mmoja na kumwacha jirani yake, umeongeza fitina, na fitina hiyo itarudi kumgonga yule uliyemtibu. Na wakati mgao ulipopunguzwa, wenye maduka waliokuwa wakiwakopesha wakimbizi walibaki na madaftari ya madeni. Dhiki haiulizi kitambulisho.

Tena sisi wenyeji si kwamba tuko salama. Jopo lililochunguza afya ya akili nchini lilipendekeza mwaka wa 2020 kwamba tatizo hili litangazwe kuwa janga la kitaifa. Hadi juzi juzi, aliyejaribu kujiua na akanusurika alipelekwa kortini kama mhalifu, mpaka Mahakama Kuu ilipoamua mnamo Januari 2025 kwamba kifungu hicho cha 226 kinakiuka katiba. Vijana wetu walikuwa wakificha dhiki zao kwa kuogopa seli. Mkimbizi aliogopa mara mbili.

Wewe mzazi au mwanafunzi utauliza: basi nifanye nini? Sina orodha, nina mambo niliyoyaona. Kijana huyu wa miaka 19 yumo kidato cha pili pamoja na watoto wa miaka 15, kwa sababu masomo yake ya Kongo yalikatika. Mwalimu mmoja mwema alimketisha mbele ili asikie vizuri, mgongo ukaelekea mlangoni. Kila aliyeingia darasani alimshtua, akawa hasikii chochote. Nilifuatana na mamake tukaomba akae nyuma, penye ukuta, aone mlango. Alama zake zikapanda. Kwa hivyo mwanafunzi mwenzangu, yule mgeni asiyependa kukaa mbele huenda hana kiburi. Umwite mpirani. Usimwulize aliua au aliuawa nani.

Dalili za vijana huwa si machozi. Tazama kijana anayeumwa kichwa na tumbo kila mara na daktari haoni kitu. Anayewaka hasira kwa jambo dogo. Aliyeacha kula na wenzake. Asiyelala, au anayelala mchana kutwa. Aliyezama katika miraa au pombe ili alale. Hali ikiendelea kwa majuma, mpeleke kwenye kituo cha afya kilicho karibu ukaulizie mshauri. Na akisema afadhali afe, usimwambie aache upuuzi. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimtii wazo kichwani, kinyume chake humpa mahali pa kulitua. Kisha usimwache peke yake, ondoa dawa na sumu karibu naye, na umpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Kuhusu mayowe ya usiku, mshauri yule kabla hajaondoka alimfundisha mama jambo jepesi, naye mama akatufundisha sisi. Usimtikise wala kumkamata, maana hajui wewe ni nani. Simama mbali kidogo. Sema jina lake, sema jina lako, mwambie yuko wapi na kwamba usiku ule umeshapita. Aguse sakafu kwa nyayo. Rudia polepole mpaka macho yake yarudi.

Chumba nambari tisa kinapakana na nambari saba, ukuta mmoja. Juma lililopita niliamka saa tisa za usiku kwa ukelele ambao hatukuwa tumeusikia kwa karibu mwezi mzima. Nikatafuta ndara gizani. Kabla sijafika mlangoni, nikasikia mtu akigonga ukuta kwa vidole, taratibu, na sauti nzito ya mtu aliyerudi kazini muda si mrefu.

"Uko Kayole, buda. Ni mimi, jirani. Uko Kayole."

Kimya kidogo. Kisha kutoka upande wa pili wa ukuta vidole vikajibu.